Bawa la Kihwelo

Gari la mashindano lilipaa. Kwenye kona ya tatu liliacha barabara, likaelea juu ya shamba la alizeti polepole kama unyoya. Mshangama, mwenye shirika la ndege mbili na gari hilo moja, akasahau kupumua.

"Bawa la nyuma ya gari ulilifungaje?" akamuuliza fundi wake wa ndege.

"Kama la ndege, bosi. Ili liinue."

"La gari hugeuzwa, Kihwelo. Hukandamiza chini."

"Hukusema."

Walimkuta dereva, Temba, amelala chali kwenye alizeti, anacheka kwa maumivu. "Nimeona mapaa ya mji mzima, bosi. Leo nilipe kama rubani."

Mshangama alibaki akitazama juu. Sekunde nne za kupaa zilimgharimu gari moja, mbavu tatu za Temba na safu mbili za alizeti za watu.