Pumzi ya Teluri

Saa nne asubuhi Profesa Lwembe aliwaonyesha wageni fuwele ya elementi za bismuthi na teluri, akabandua utando mmoja kwa selotepu.

"Ndani ya tabaka, atomi zimeshikana imara. Baina ya matabaka zimeegemeana tu. Nimeikuza kwa mikono yangu, miezi sita."

"Mikono ipi, Profesa?" alimkatiza Mghoi, fundi wa maabara aliyelinda tanuri la kukuzia fuwele hiyo miezi hiyo yote.

Anayevuta mvuke wa teluri hutoa pumzi ya kitunguu saumu kwa majuma. Mume wa Mghoi alikwisha hamia chumba cha pili.

Mghoi alimsogelea mgeni mkuu, akampumulia usoni. Mgeni akarudi nyuma.

"Ndiyo teluri hiyo, mheshimiwa. Sasa mwombe na Profesa apumue."

Wote walimgeukia. Profesa alifumba mdomo, utando ukimeremeta kidoleni.