Aliyehamia Aifoni

Simu ilikuwa ndani ya soksi ya mtoto, na soksi ilikuwa chini kabisa ya mkoba, chini ya mwavuli na kitana. Mwanamke aliitoa akaiweka juu ya meza ya fundi kama mtu anayeweka panya aliyekufa.

"Ya mume wangu," alisema. "Nataka uifungue."

Asubuhi ile mumewe alikuwa ameipekua nyumba nzima, kuanzia chini ya magodoro mpaka kwenye kapu la nguo chafu, kisha akaenda kazini akiamini ameiangusha njiani. Yeye mwenyewe alimsaidia kutafuta. Hata pole alimpa.

Fundi alimwomba asubiri kidogo. Benchi la wateja lilikuwa limegawanyika kama siku ya mechi, wa androidi huku, wa aifoni kule. Muuza viatu alikuwa akisema androidi ndiyo simu ya mtu mwenye akili: laini mbili, chaja unaazima kwa jirani yeyote, na ikivunjika huvunjiki moyo. Mwalimu mmoja akamjibu kwamba aifoni unakaa nayo miaka sita na bado inakuheshimu. Wakamtaka fundi aamue. Fundi, mtu mpole wa sauti ya chini, hakuinua macho kutoka kwenye bisibisi yake.

"Mimi siangalii mtu anatumia nini. Naangalia amehama lini, na amehama ghafla kiasi gani."

Maneno hayo yalimchoma mwanamke. Mumewe alikuwa mtu wa androidi miaka yote. Simu yake ilizagaa sebuleni, watoto wakaichezea, na namba yake ya siri waliijua wote nyumbani. Miezi minne iliyopita akahamia aifoni. Alisema picha zinatoka safi. Alisema kazini wanamdharau. Tangu hapo simu ikawa inalala kifudifudi, inaingia naye bafuni, na Jumamosi zake zote zikapata kazi ya ziada. Alipomlalamikia wifi yake, wifi alicheka, akamwambia ukimchunguza sana bata hutamla.

Bata nimeshamla, aliwaza, nataka kujua nani mwingine anakula naye.

Wateja walipopungua, fundi aliibonyeza ile simu. Kioo kikawaka: mumewe katikati, watoto wawili ubavuni, wote wakicheka. Fundi aliitazama picha ile kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Akauliza mume anafanya kazi wapi. Akaambiwa. Akauliza kama ni mtu wa kusafiri. Akaambiwa hapana, na mwanamke akamsimulia yote, tangu ile androidi ya zamani mpaka kicheko cha wifi.

Kisha akaeleza, kwa utaratibu, kwamba ingekuwa ile simu ya zamani angekuwa na milango miwili mitatu ya kujaribu. Hii ni nyumba ya mlango mmoja, na ufunguo anatembea nao mwenyewe kichwani.

"Lakini usikate tamaa, dada. Rudi saa tisa."

Aliuliza bei. Fundi akasema hii hatozi.

Saa tisa alikuta kibanda kimefungwa nusu. Simu ilikuwa mezani, kioo kimefutwa kiking'aa, na pembeni yake karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko ulionyooka. Fundi alimsomea. Nyumba iko nyuma ya tangi la maji, geti la kijani, ya tatu ukitoka kwenye mashine ya kusaga. Mwanamume huingia Jumamosi saa nne asubuhi, hutoka kabla ya saa nane. Geti huachwa wazi. Mlango wa mbele una kufuli, ila komeo la mlango wa nyuma limelegea, ukilisukuma kwa bega linaachia.

Mwanamke alishangaa. Simu inajua mpaka komeo?

"Watu wanaandikiana kila kitu," fundi alisema.

Alitaka kuziona hizo meseji kwa macho yake. Fundi akamsihi asizisome, kwa kuwa maneno mengine yakishaingia machoni hayatoki tena. Aliibonyeza simu hata hivyo. Ikamwomba namba ya siri, kama kawaida yake. Alidhani fundi ameifunga upya ili mumewe asishtuke, na kimoyomoyo akamsifu kwa ujanja wake.

Fundi alikuwa na ushauri pia. Leo asigombe. Simu aitupie chini ya kiti, mume aiokote mwenyewe, wacheke pamoja. Jumamosi asiende peke yake. Amchukue wifi yake huyo anayemtetea kaka yake, na mama mkwe akiweza kutembea. Majirani wa pale hufua nje saa nne na nusu. Asipige kelele mpaka wawe wengi.

"Aibu ya ndani wataifagia chini ya mkeka," alisema. "Ya uani, mbele ya watu, hiyo watazeeka nayo."

Sauti yake ilikuwa ileile ya chini, lakini mkono ulioshika bisibisi ulikuwa umekaza mpaka mishipa ikasimama. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, mwanamke alihisi yupo mtu mwenye hasira kwa ajili yake. Akaikunja karatasi, akaificha kifuani. Alijiona tayari yuko uani kwa yule mwanamke, wifi yake akiwa ameziba mdomo kwa mkono.

Mlangoni hofu moja ikamrudisha. Akauliza kama huyo mwanamke ana mume.

"Anaye."

"Sasa nikimkuta ndani? Mimi ugomvi na yeye sina. Maskini, huenda hata hajui."

Fundi alianza kuvipanga vifaa vyake kwenye droo, kimoja kimoja.

"Hutamkuta," alisema. "Jumamosi huwa nafungua kibanda saa moja asubuhi, na sirudi nyumbani mpaka jioni."