Gari la Kukwepa Upepo

"Bosi, upepo unatoka mbele," alisema fundi wa bodi, msumeno mkononi. "Mbona unanikatisha nyuma tu?"

"Upepo mbaya ni wa nyuma, fundi. Ule unaovuta gari. Kata."

Fundi akakata. Paa likateremka kutoka kichwani mwa dereva hadi kwenye buti, kama mgongo wa samaki. Keria ya juu ilikuwa imeshang'olewa. Milango ya nyuma ikachomelewa ili upepo usipate ufa. Kisha mwenye gari, mhasibu mtu mzima na akili zake, akabandika nyuzi za sufu kwenye bodi nzima na kutoka nalo barabara kuu kuona kama upepo unazilaza sawasawa au unazivuruga. Zikalala vizuri. Majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Ni mafuta," aliwaeleza. "Upepo unaninywea mafuta."

Mkewe hakucheka. "Na Ijumaa mama atakaa wapi?"

"Mama?" Akashika kichwa, kwa masikitiko aliyoyafanyia mazoezi tangu asubuhi. "Masikini! Nilivyozama kwenye hesabu, hata sikumkumbuka. Nyuma sasa haingii hata mbuzi. Na mbele, mke wangu, mkwe akae bega kwa bega na mkwewe? Aibu hiyo tutaificha wapi?"

Ukweli ni kwamba kila Ijumaa alimfuata mama mkwe kwao, kila Jumapili alimrudisha, na hapo katikati nyumba haikuwa yake. Redio ilipunguzwa, miguu ikatolewa mezani, chumvi ya mboga ikajadiliwa. Na mkwe haambiwi hapana. Labda aambiwe na upepo, ambao hauna haya.

"Basi nitamweleza," alisema mkewe.

Ijumaa ilipofika, bwana alijinyoosha sebuleni, miguu mezani, redio juu. Raha iliyoje!

Honi ikalia nje. Nyuma ya gari lake lilisimama lori la pembe nne kama sanduku, limebeba kitanda, kabati, cherehani na tenga la kuku. Mama mkwe akashuka taratibu, akalizunguka gari, akaupapasa mteremko wa paa.

"Hongera, baba. Kazi nzuri," alisema, akimkabidhi mto wake. "Binti yangu kanieleza yote. Nikajiambia, kama gari haliwezi tena kunileta na kunirudisha, ya nini kurudi?"