Kitasa Kisichofunguka

Mwenyekiti wa tuzo ya uvumbuzi alivua koti, akakanyaga ukuta kwa mguu mmoja, akauvuta mlango wa stoo kwa nguvu zote alizojaliwa. Kifungo cha shati lake kiliruka. Mlango haukusogea.

"Pole, mzee," alisema Mvumbuzi. "Hicho ndicho kitasa changu."

Hakuna mtu mjini asiyezijua kazi zake. Mwavuli wake uliokuwa ukifunguka wenyewe ulifunguka popote, hata ndani ya lifti iliyojaa watu. Kitanda chake cha kuamsha wavivu kilimwamsha shemeji yake mkubwa kwa kishindo, meno mawili yakabaki sakafuni. Jiko lake lisilotoa moshi halikutoa moto pia. Umaarufu anao, nyumba hana: mwaka wa tisa huu alikuwa akiishi ukweni, na mkewe alishamwambia wazi kwamba wa kumi hatauvumilia. Tuzo ya mwaka huu ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu yenye karakana. Mvumbuzi aliitaka kwa udi na uvumba.

"Leo kwenu kimya," alisema mwamuzi wa pili. "Wakwe zako wako wapi?"

"Wamekwenda kumtazama mgonjwa."

"Wote?"

"Ni mgonjwa anayependwa."

Waamuzi watatu wakashikana viuno, wakavuta kwa pamoja. Ndani ya stoo kitu kikaguna.

"Kimeguna!" mwenyekiti akashtuka.

"Chuma kizuri kikionewa hulalamika, mzee."

"Basi hebu kifungue wewe tuone."

"Nikikifungua, si mtasema kinafunguka?"

Waamuzi walitazamana. Hoja ilikuwa nzito, na migongo ilikuwa inawauma. Wakatia saini, wakamkabidhi funguo za nyumba, wakaondoka wakichechemea.

Mvumbuzi alingoja hadi gari lao lilipopotea kwenye kona. Kisha akagonga mlango wa stoo mara mbili.

"Achieni. Wamekwenda."

Mlango ukafunguka wenyewe. Mkewe, mashemeji wanne na mama mkwe walikuwa wamelala chali sakafuni, kamba mikononi, wakihema.

"Mkwe wangu," alisema mama mkwe bila kufumbua macho, "hama leo leo."