Jibu kutoka Tanga

“Mbaya,” alisema Mariambai, akarudisha simu mahali pake.

Anverali alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, koti begani, mkoba wa kazini mkononi. Kwa dakika kumi nzima alikuwa amemsikiliza mkewe akibonyeza tarakimu za kadi ya simu, akikosea, akianza upya, mpaka akampata shehe wao Tanga. Shehe akanuia, akahesabu tasbihi, akaitoa istikhara, kumwomba Mungu aonyeshe kama jambo ni la heri. Na kwa neno hilo moja posa ya Shakeel kwa binti yao ikawa imekwisha.

“Mbaya vipi? Kijana mhandisi, anasali, wazazi wake tunawajua tangu nyumbani. Sahar mwenyewe anamtaka!”

“Sikusema hamtaki. Nimesema imetoka mbaya.”

Damu ikamchemka. Mwaka wa tisa huu, 2006, Anverali alikuwa anafundisha falsafa katika chuo kimoja cha Toronto, na wiki hiyo alikuwa amefika kwa wale wasomi wa Italia wa miaka mia tano iliyopita, waliokataa kusadiki jambo eti kwa kuwa wakubwa wamelisema. Kwao heshima ya mtu ilikuwa akili yake: asome mwenyewe, apime mwenyewe, achague mwenyewe. Jana tu wanafunzi sitini waliyaandika hayo madaftarini, wakitikisa vichwa kwa kukubali. Nyumbani kwake, mtaa wa Downsview, hakuwa na mwanafunzi hata mmoja.

Alimgeukia bintiye, aliyekuwa mezani na kikombe cha chai iliyopoa zamani.

“Sahar, una miaka ishirini na sita. Una digrii mbili. Sema!”

“I love him, Baba.” Macho yalikuwa yamemwiva kwa kulia. “But I can't do it kama Mama hayuko happy.”

Akainuka, akapanda chumbani kwake. Jumapili wazazi wa Shakeel wangekuja kutoka Malton kuchukua jibu, na jibu lenyewe sasa lilikuwa hilo.

“Unamwona mtoto?” Anverali akafoka. “Mungu katupa vichwa vya kufugia nywele tu?”

Mariambai akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Hilo likamkera Anverali kuliko neno la shehe. Miaka thelathini ya ndoa, kila jambo Tanga! Kununua nyumba, Tanga. Kununua gari, Tanga. Hata alipotaka kuacha kazi ya ghala pale uwanja wa ndege akamalizie masomo, Tanga ilipigiwa kwanza. Alikwisha kumpa hoja zote alizokuwa nazo, za upole na za makelele, na mwanamke hakutikisika. Amechoka. Alitamani kulia kama bintiye.

Akavuta kiti, akakaa, akashusha sauti.

“Hebu tufikiri, Mama Sahar. Istikhara ni ya mtu aliyekwama, asiyejua ashike lipi. Sahar hakukwama. Tazama sisi. Nilipoleta posa, mama yako alikwenda kwa shehe huyuhuyu. Ikatoka nzuri, tukaoana, alhamdulillahi. Je, ingetoka mbaya, ungenikataa? Usingetumia akili yako?”

Kitambaa kikasimama.

“Ilitoka mbaya,” alisema Mariambai.

“Nini?”

“Mama alirudi kwa shehe mara tatu, na mara zote tatu mbaya. Nikamwambia, Mama, Mungu kanipa akili, na akili yangu inamtaka huyu.”

Anverali alimtazama mkewe, mdomo wazi. Akafurahi. Miaka yote hiyo amehangaika kuwafundisha watoto wa watu jambo ambalo mkewe alikwisha kulifanya, tena msichana wa miaka ishirini, mbele ya mama yake! Akanyoosha mkono, akamshika wa kwake uliolowa.

“Basi kama wewe uliweza,” akamwambia taratibu, “mbona mwanao unamnyima?”

Mariambai hakuuondoa mkono. Alimtazama kwa huruma, kama anayempa mtu habari za msiba.

“Kwa sababu tangu siku ile, Baba Sahar, sijaiamini tena akili yangu.”