Ncha ya Twilumba

Jumanne, tarehe 9 Juni 2071, Njombe iliamka na ukungu na manyunyu. Twilumba alisali, akamwacha kwa jirani bintiye Faraja, mwenye miaka minne, kisha akaenda kwa Mzee Mgaya. Sheria ilimtaka kila fundi afike mwenyewe nyumbani ambako kazi yake imevunjika. Ncha ya bisibisi aliyoitengeneza ilikuwa imekatika mzee alipokuwa akifungua mashine ya kupumulia ya mkewe ili abadilishe chujio. Kama kosa lilikuwa la chuma, Twilumba asingeruhusiwa tena kuwasha moto wa karakana.

Aliigeuza ile ncha kiganjani. Kisogo chake, upande usioingia kwenye skrubu, kilikuwa kimebonyea.

"Baba, uliigonga kwa nyundo?"

"Kidogo tu. Skrubu ilikuwa na kutu."

"Kidogo?" mkewe alisema kitandani, mashine ikikoroma pembeni. "Majirani hawa walidhani unapasua kuni."

Majirani watatu walioitwa kushuhudia wakacheka. Twilumba akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Akatoa ncha mpya, akafungua skrubu taratibu, akabadilisha chujio, na mashine ikatulia. Ilibaki ahadi ya muda ambao kazi yake ingedumu, ambayo sheria iliidai mbele ya mashahidi hata kwa fundi asiye na kosa.

"Hii itadumu," alisema.

"Mpaka lini, mwanangu?" mke wa mzee aliuliza kwa upole. "Mimi bado nataka kuishi."

Wote wakamtazama.

"Maisha yangu yote," alisema Twilumba. "Na nikifa, Faraja wangu atakuja badala yangu."

"Tumesikia," wakaitikia mashahidi.