Mkulima Aliyeita Maji

"Hebu nisimulie tena alivyokufa," mama alisema, akimsogezea kikombe cha chai. "Leo usinifiche."

Kijana alikipokea kikombe. Kila mwaka, wakishamaliza kupanda, mama humketisha jikoni wamkumbuke yule mkulima mdogo aliyeingia jeshini akafia vitani. Rafiki yako, ndivyo anavyomwita.

Masikini mama wa watu! Mkulima yule ndiye mwanawe wa kumzaa. Huyu anayekunywa chai alikuwa kinyozi wa kambini, raia tu, hana mbele wala nyuma. Siku kambi iliposhambuliwa alimvua mkulima yule kibati cha namba ya jeshi shingoni, akakivaa yeye, ili atibiwe kama askari, tena apate kwao pa kurudi. Moto ulikuwa umemuunguza uso na kumkausha sauti, nani angebisha? Habari zote za nyumbani alishazisikia akimnyoa, hadi jina la mbwa. Akaja, akabisha hodi, mama akamkumbatia, mambo yakaisha.

Tangu hapo alikuwa na kitanda, shamba, na mtu wa kumwita mwanangu. Hofu yake ilikuwa moja tu: siku mama akijua, atamfukuza.

"Alipigwa risasi ya tumbo, mama. Akafa hapo hapo."

"Hapo hapo?"

Sauti ya mama ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomponza. Jambo lile lilikuwa limemkaa kooni miaka yote. Tena, alijiambia, kifo cha mtoto wa mwingine kitamuuma nini huyu?

"Hapana," alisema. "Alikuwa bado anapumua. Ningeweza kumbeba. Niliogopa, mama, nikamwacha. Alikuwa anaita maji."

Mama hakulia. Alifuta meza, kisha akarudia kuifuta pale pale palipokuwa pakavu.

"Aliita maji tu?"

"Na mama yake."

Nje lori lilifunga breki. Sajini aliingia na askari wawili, hata salamu hakutoa, akataja jina la mwana wa nyumba ile. Vita vimechacha, alisema, na kila aliyewahi kupigana anarudi mstari wa mbele leo hii. Kijana aliinuka, akarudi nyuma. Wa kijiji kile waliochukuliwa mara ya mwisho, hakuna hata mmoja aliyerudi.

"Afande, si mimi!" alipayuka. "Mimi ni kinyozi, wala bunduki sijui kuishika! Mwenye jina hili alikufa! Huyu si mama yangu!"

Sajini alicheka. "Loo! Leo kila nyumba watu wanakana mama zao. Haya, mama, huyu ni mwanao au si mwanao?"

Kijana alimtazama mama. Kwa mara ya kwanza alitamani akataliwe.

Mama alimkaribia taratibu. Alimpapasa makovu usoni kwa viganja viwili, kama anayepima homa ya mtoto.

"Ni mwanangu," alisema. "Woga tu unamsumbua."

Askari walimkokota hadi kwenye lori huku akilia kwa sauti. Mama alifuatana nao. Alimfunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, akamwinamia sikioni.

"Nilikujua tangu siku ile uliyobisha hodi, nikakupokea hivyo hivyo," alimnong'oneza. "Ukifika, nisalimie mwanangu."